Nalipa Pesa Nikalale Majanini

Jumamosi usiku nilikuwa kwenye kibanda cha gemu, nyuma ya majumba ya Michenzani, nimelipa elfu moja ya nusu saa, na kwa dakika 18 nzima sikufanya kitu. Nililala majanini, humo ndani ya gemu, padi ya kuchezea mkononi. Kifudifudi, bunduki begani, macho kwa askari mmoja anayezunguka kituo chake. Nyuma yangu vijana saba wanangojea mpira wao, wananipumulia shingoni mpaka kola imelowa. Mmoja wao, ndevu hata hazijamtoka, kaniinamia kwa adabu zote:

"Ami, padi imekufa?"

"Haijafa. Namngoja yule ageuke."

"Si umpige?"

"Nikimpiga wenziwe watasikia."

"Si uwapige na wao?"

Nikanyamaza. Yeye hakunyamaza. "Kwa hiyo umelipa elfu moja uje ulale." Kibanda kizima kikaangua kicheko, nami nikashtuka, kidole kikaenda kwenye kitufe sicho, nikasimama wima katikati ya kambi ya watu kama mlingoti. Risasi zilizonipata sikuzihesabu.

Mie nina miaka arobaini kasoro, fundi wa mafriji, mke ninaye, watoto wawili, na mama mkwe anakaa kwangu. Katika dunia hii napenda gemu za namna mbili tu: za kunyemelea na za kupeana zamu. Balaa langu ni kuzaliwa Unguja, mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kujificha akafichika, wala aliyewahi kuachiwa zamu yake aicheze mwenyewe.

Vijana wanadhani kunyemelea ni woga. Hawajui lilikotoka. Hideo Kojima, kule Japani, alitakiwa atengeneze mchezo wa vita kwenye kompyuta ya MSX2, na kompyuta ile haikuweza kuwaweka askari wengi na risasi zao kwenye skrini moja. Ingekuwa gari ya shamba, konda angesema "sogeeni nyuma, nafasi ipo". Yeye kafikiri: kama vita haviingii humu, basi mtu wangu asipigane, ajifiche. Ndiyo Metal Gear ya 1987. Ilipofika 1998 ikaja ile ya PlayStation, na humo shujaa anajifunika boksi tupu la karatasi ngumu, anachuchumaa, walinzi wanampita wanaona boksi.

Boksi! Mie nimewahi kubeba boksi tupu la friji kutoka Darajani mpaka nyumbani, nimelijitwika limenimeza mpaka kiunoni, na watu kumi na mmoja wamenisalimu kwa jina. Wawili wakaniuliza friji limenunuliwa kiasi gani.

Mwaka huohuo wa 1998 ikatoka Thief. Wewe mwizi, unatembea kizani, na chini ya skrini kuna kito kinachokuonyesha taa imekumulika kiasi gani. Ukikanyaga vigae viatu vinalia, ukikanyaga zulia kimya. Nilipoicheza mara ya kwanza nilisema huyu aliyeibuni kaishi na mkwewe, si bure. Ila walinzi wake, Mungu awasamehe. Mlinzi anasikia kishindo, anachomoa upanga, anazungukazunguka, anajiambia labda panya, anarudi kusimama palepale. Wangemwajiri bibi jirani yangu. Yule hakai dirishani, lakini pazia lake hukaa. Siku moja saa tano usiku nilinunua chipsi kuku, nikazila njiani ili nyumba isijue, karatasi nikaitupa mbali kabisa, Kisiwandui. Asubuhi namwamkia, ananijibu, halafu ananiambia, "Mwanangu, chipsi za jana zilikuwa na pilipili nyingi. Nimekusikia unapenga."

Waliokaribia ukweli ni wale wa Metal Gear ya 2015, ile ya Afghanistan ninayoilalia majanini. Humo walinzi wanajifunza. Ukizoea kuwapiga vichwani, baada ya muda wanakuja wamevaa helmeti. Ukizoea kuwaendea usiku, wanavaa miwani ya kuonea kizani. Nikasema naam, huyu ni mke wangu. Nilizoea kuingilia mlango wa uani nikitoka gemu. Akaanza kuuegemezea sufuria. Nikajifunza kuitoa sufuria taratibu. Akaitia vijiko ndani. Sasa hivi naingia mlango wa mbele kama mwanamume, natoa salamu, nagombezwa, nalala.

Za zamu, hizo nilijifunzia kizani. Anayekumbuka Disemba 2009 anajua: umeme wa kutoka bara ulizimika Unguja nzima, na tukakaa hivyo mpaka Machi 2010. Miezi mitatu. Wenye jenereta wakanguruma, sisi wengine PlayStation ikageuka kitanda cha paka. Na mie friji ndiyo riziki yangu. Niambie utatengeneza friji kwa umeme upi. Nikaangukia barazani, kwenye bao, miguuni mwa mzee mmoja tunayemwita Fundi, na si fundi wa kitu chochote kingine.

Bao lina mashimo 32 na kete 64. Kila mmoja anaanza na 22 mkononi za kunamulia, yaani kuzitia ubaoni moja moja, zilizobaki zipo ubaoni, na hakuna kilichofichwa. Ukifungwa, umefungwa na akili ya mtu. Fundi akishika kete huitazama kama anaiuliza habari za nyumbani. Anaiweka chini, anapiga funda la kahawa. Anaishika tena. Halafu ananamua, mkono unazunguka, kete zinadondoka moja moja, nyumba yako inaliwa, na wewe bado unatafuta ulipokosea. Kwa bahati nzuri watu kumi wa barazani watakwambia, kila mmoja pake.

Sasa mtu aliyelelewa hivyo umpe XCOM 2. Ya 2016, majini ya angani yameshaiteka dunia, wewe na kikundi chako mnapigana nayo kwa kuvizia. Mnaanza mmejificha, adui hajui mpo, mnapeana zamu. Kunyemelea na zamu mahali pamoja. Nilidhani nimeandikiwa mie. Kumbe mna bahati nasibu ndani. Kila risasi inaandikiwa asilimia zake za kupata, na kwa anayetoka kwenye bao, hilo ni tusi. Tena ukicheza madaraja mepesi, mchezo unakubeba kwa siri: ukikosa kosa, unakuongezea bahati usiyoonyeshwa. Na bado nakosa! Yaani napendelewa kwa mlango wa nyuma na bado nashindwa.

Mchezo ule unakuruhusu kuwapa askari majina. Nikawapa ya watu wangu, kwani ndio ninaowajua tabia. Mdunguaji nikamwita Mama Mkwe. Anaona mbali, hasogei, hakosi. Misheni kumi na tatu kanitumikia, vyeo kapanda, kofia nimemchagulia.

Siku hiyo niko nyumbani, mwanangu wa miaka mitano kakaa mapajani. Adui amebaki mmoja, na njia ya kumpiga iko wazi. Asilimia 95. Nikabonyeza. Mama Mkwe kakosa. Nikarudi nilipokuwa nimesevu, nikabonyeza tena, kakosa vilevile, risasi imepita sikio lilelile. Baadaye ndiyo nikaja kujua kwamba kura ile imeshapigwa kabla. Ukirudi ukafanya jambo lilelile unapata jibu lilelile, mpaka uanze na kitendo kingine. Wakati huo sikujua. Nikaichukua ilivyokuja, zamu ikaenda kwa adui, na adui hakukosa. Na katika gemu hizi aliyekufa kafa. Hafufuki misheni ijayo.

Mtoto akashuka mapajani. Nilidhani anakwenda kunywa maji. Nikamsikia nje:

"Bibi kafa! Bibi kapigwa risasi! Baba kamkosesha!"

Kabla sijavaa kandambili, uani pamejaa. Bibi jirani mwenyewe kaacha pazia lake, kaja na kanga mbili, moja ya kujitanda na moja ya kulilia. Mwanamke mmoja sijui hata wa nyumba gani kashaanza kulia. Kijana mmoja kakimbia kuulizia turubai na viti. Mie nasema "jamani, ni gemu", wao wananishika mabega, wananiambia nimshukuru Mungu, nisiongee sana, ni mshtuko. Mke wangu kapigiwa simu kazini.

Ndipo mama mkwe akaingia, kikapu mkononi, mkia wa changu umechomoza. Kawatazama wote.

"Nani kafa?"

Kimya. Mwanangu akamnyooshea kidole. "Wewe."

Ikabidi nieleze. Nimemweleza mbele ya mtaa mzima, tangu majini mpaka kofia. Kanisikiliza kikapu kikiwa mkononi, hajakitua.

"Nilikuwa na bunduki?"

"Ndiyo, mama."

"Nikalenga?"

"Ukalenga, mama. Asilimia tisini na tano."

"Nikakosa?"

"Ukakosa, mama."

Kufa kwake hakukumshughulisha hata kidogo. Mwanamke huyu nimeshamwona kwa macho yangu akimpiga kunguru kandambili kutoka ghorofani. "Mimi sikosi," kaniambia, akaingia jikoni na changu wake. Siku tatu hatukusemezana. Ya nne kaniuliza kama nimeshairekebisha.

Basi nikakimbilia Civilization VI, ya 2016 nayo, nikijua huko hakuna wa kulengwa na bunduki mmoja mmoja, ni kujenga miji na kufanya biashara. Na Zanzibar imo! Niliruka. Halafu nikakaa, maana huwezi kuicheza. Ni mji tu umewekwa pembeni, mataifa makubwa yanautumia wajumbe, na mwenye wajumbe wasiopungua watatu, kisha akawazidi wenzake, ndiye bwana wake. Huyo anapewa mdalasini na karafuu, ambazo katika mchezo ule hazipatikani kwa njia nyingine yoyote. Nikatuma wajumbe wanne. Cleopatra kaleta watano. Mie, mzaliwa wa Kikwajuni, nimenyimwa karafuu za Zanzibar na malkia wa Misri.

Nikampigia simu ami yangu aliyeko Wete, Pemba, nimtolee uchungu. Ami ana mikarafuu yake, na miguu yake miwili imeshawahi kuvunjika kwa mikarafuu hiyohiyo, maana tawi lake halina ahadi. Kanisikiliza.

"Karafuu wanazipata kwa kutuma wajumbe?"

"Ndiyo, ami."

"Na anayechuma nani? Makonyo wanachambua saa ngapi? Mvua ikija, majamvi anaanua mjumbe?"

"Hayo hayamo, ami."

Kanyamaza kidogo. "Na magendo yamo?"

"Hayamo."

"Basi hao hawajui kitu," kasema, akacheka kicheko ambacho sijawahi kumsikia nacho. Nikamuuliza anacheka nini. Kakohoa, kasema mambo ya usiku na majahazi hayazungumzwi kwenye simu, nimsalimie mama mkwe. Miaka yote hii natafuta mtu wa kuzungumza naye habari za kunyemelea, kumbe yuko kwenye ukoo.

Tukirudi kwenye Jumamosi yetu. Baada ya kupigwa risasi mbele ya wale vijana nilibakiwa na dakika kumi na mbili, nikawaonyesha ubishi: nikamwambia mwenye kibanda atoe diski ile, atie XCOM 2. Kundi langu jipya limejificha nyuma ya ukuta, adui watatu mbele, hawajatuona. Nafikiria. Nyuma yangu ushauri unamiminika, rusha bomu, kimbia kushoto. Ndipo akapita Fundi anatoka kwenye kahawa, kaona watu wamejaa mlangoni, kaingia. Kasimama nyuma ya kiti changu, mikono mgongoni. Katazama ramani, watu wangu, watu wao, kile chumba cha katikati.

"Hili bao," kasema.

"Ndiyo, mzee."

"Zamu ya nani?"

"Yangu."

"Inuka."

Kakaa. Padi kaishika juu chini, nikamgeuzia. Nikamwonyesha kitufe cha kusogeza na cha kupiga, akaitikia kwa kichwa, akaiweka padi mapajani, akatazama. Muda wangu ukaisha. Mwenye kibanda kagonga meza, nikatoa elfu nyingine. Vijana wakaanza kukohoa. Ikatoka elfu ya tatu. Fundi hajagusa kitufe hata kimoja, macho yanakwenda skrini nzima na kurudi, midomo inahesabu.

Yule mtoto asiye na ndevu hakuweza kuvumilia. Kainama.

"Babu, padi imekufa?"

Fundi hakugeuka. "Nyamaza wewe. Sijanamua."