Mkenya si mgeni wa akiba

Daftari langu la matumizi la mwaka 2020, mwaka wa corona, bado ninalo. Ukurasa wa Februari una nauli za matatu, karo, saluni na michango ya harusi mbili. Ukurasa wa Aprili hauna hata kimoja kati ya hivyo. Kuna unga, mchele, mafuta, sabuni, bando za simu, gesi, halafu gesi tena, maana watoto waliozoea kula mchana shuleni walikuwa wakishinda nyumbani. Mume wangu ni mpishi wa hoteli hapa pwani. Mwisho wa Machi walipewa likizo bila malipo, mshahara ukakatika wakati ule ule ambao jiko letu lilikuwa halipoi.

Ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa Machi 25. Siku mbili baadaye ikaja kafyu, na Aprili 8 Mombasa, Kilifi na Kwale zikafungwa: hatoki mtu, haingii mtu. Kilifi na Kwale zilifunguliwa Juni, lakini Mombasa ilikaa hivyo hadi Julai 7.

Njia zilipofunguliwa, nani alitangulia kuja? Si Mjerumani wala Mwitaliano. Ndege za kimataifa ziliruhusiwa tena Agosti 1, lakini watu wa huko nao walikuwa na hofu zao na masharti ya kwao. Waliokuja ni watu wa Nairobi, waliopanda treni ya Madaraka iliyorudi Julai 13 na waliojaza familia nzima garini wakashuka na barabara ya Mombasa.

Walikuja na namna yao ya kutumia pesa. Hawakukaa wiki mbili. Walikaa siku mbili tatu, wakaja na nyanya na watoto, wakauliza bei mara nne kwenye simu, wakalipa kidogokidogo kwa M-Pesa miezi kadhaa kabla ya safari. Wengine walikodi nyumba zenye jiko na kununua samaki kwa wavuvi wenyewe. Mume wangu aliporudishwa kazini Oktoba, siku tatu kwa wiki, alikuta hata kiamsha kinywa kimebadilika: mahamri na mbaazi vilikuwa vinaisha mezani kabla ya soseji.

Nasi tulibadilika. Chama chetu cha akina mama kilikuwa cha harusi: madera ya sare, vyombo, mchango wa biriani. Mikusanyiko ilipozuiwa, pesa zikakaa tu. Mwaka 2021 tukaamua kwenda Malindi, siku mbili, hotelini. Mimi nimezaliwa Kisauni, Mombasa, na bahari nimeiona kila siku ya maisha yangu, lakini sikuwahi kulala katika hoteli ya ufuoni. Miaka michache nyuma nilimfuata mume wangu kwenye hoteli moja, mlinzi akaniuliza namtafuta nani kabla hata hajanijibu salamu. Malindi tulipokelewa na madafu. Mwenzetu mmoja, mama mtu mzima, alilia pale mapokezi, na hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Sasa wageni wa ng'ambo wamerudi. Mwaka 2024 walikaribia milioni 2.4, kuliko hata 2019. Nafurahi, kwa sababu ndiyo riziki ya nyumba yangu. Lakini nilipoipigia simu hoteli ile ile iliyotupokea 2021, nilitajiwa bei kwa dola. Nikauliza bei ya wakaazi, ile nafuu ya wageni wa ndani. Nikaambiwa msimu huu haipo.

Hilo linaniuma, maana tumeshaliona. Mwaka 2008, baada ya ghasia za uchaguzi, Mkenya akabembelezwa aje pwani. Mwaka 2014, Uingereza ilipowaonya raia wake wasije Mombasa, akabembelezwa tena. Corona ikawa mara ya tatu. Kila hali inapotengemaa, anarudishwa nyuma ya foleni.

Najua hoja ya wenye hoteli: mgeni wa ndani anatumia kidogo, na huja wakati wa sikukuu tu. Na ni kweli, familia nyingi hazina hata ya kuulizia, kwa jinsi unga na mafuta vilivyopanda tangu wakati ule. Lakini Mei, mvua za masika zikinyesha na vyumba vikiwa vitupu, mume wangu hukaa nyumbani. Chumba kitupu hakilipi mpishi. Wekeni bei ya wakaazi mwaka mzima, na mkubali malipo ya polepole kama mlivyokubali 2020. Mtashangaa nani atakuja na mwavuli.

Chama chetu kinachanga tena, shilingi mia tano kila mwezi, na daftarini nimeandika mstari wa safari chini ya gesi. Tunataka kwenda Mei hiyo hiyo ya mvua. Nimezipigia simu hoteli tatu. Moja imekubali tulipe kwa awamu, na wameniuliza tuko wangapi.