Kabla ya kulilaumu bwawa, angalia tarehe

Dar ikitikisika kidogo tu, hapakosi mtu wa kusema ni gesi, na mwingine atasema ni bwawa la Rufiji. Swali hilo ni la haki kabisa, na wanaolijibu kwa "acheni uzushi" wanakosea. Shughuli za binadamu zinaweza kuleta tetemeko, hilo limethibitika zamani. Ila kujua kama safari hii ni zenyewe, lazima uwe na tarehe na vipimo mkononi.

Chukua tetemeko la usiku wa Agosti 12, 2020, lililosikika jiji zima. Ukubwa wake ulikaribia 6, na kitovu kilikuwa baharini, kusini mashariki mwa Dar. Bwawa la Julius Nyerere, ndilo hilo la Rufiji, lilianza kujazwa Desemba 22, 2022. Basi bwawa halihusiki.

Chini ya ardhi kuna mipasuko ya kale, pande mbili za mwamba zimebanana, na mbano huo ndio unaozizuia zisiteleze. Maji yakipenya humo yanazisukuma pande zote mbili na mbano unalegea. Kila mita 10 za kina cha maji ni shinikizo la kilo 1 hivi kwenye eneo la ukucha wa kidole, kwa hiyo bwawa la mita 100 linaongeza kilo 10. Uzito wa mwamba wenyewe, kilomita 5 chini, ni kilo 1,300 hivi kwenye eneo hilohilo. Unaona kilo 10 zilivyo ndogo: haziwezi kuutelezesha mwamba uliotulia, ila zinatosha kwa ule uliokuwa ukingoni tayari. Bwawa la Kariba, mpakani mwa Zambia na Zimbabwe, lilipokuwa limejaa mwaka 1963, lilileta tetemeko lililozidi ukubwa wa 6. Kwenye bwawa la Koyna, India, Desemba 1967, ukubwa ulifika 6.3 na watu wapatao 180 wakafa. Ukuta wa bwawa lile una kimo cha mita 103 tu.

Kinachowapotosha wengi ni kuchelewa. Karibu na Denver, Marekani, taka za maji za kiwanda cha silaha zilianza kusukumwa mwaka 1962 kwenye kisima cha zaidi ya mita 3,600. Kazi ilisimamishwa 1966, na matetemeko makubwa zaidi yakaja 1967, kwa sababu shinikizo liliendelea kusambaa taratibu kwenye mwamba. Basel, Uswisi, mwaka 2006, pampu za kusukuma maji kwenye mwamba wa moto, kwa ajili ya nishati ya joto la ardhini, zilizimwa baada ya mitikisiko ya mwanzo, na saa chache baadaye likaja la 3.4. Kuzima pampu si kuzima tetemeko.

Oklahoma, jimbo la Marekani lenye mafuta, nayo husemwa vibaya. Wengi hulaumu upasuaji wa miamba kwa maji, kumbe chanzo kikubwa ni maji ya chumvi yanayotoka pamoja na mafuta, kisha yanarudishwa chini kwa wingi. Mji wa Pawnee, jimboni humo, ulipata tetemeko la 5.8 Septemba 2016.

Kwa upande wa gesi, mfano wa kutazama ni Groningen, Uholanzi. Pale hakuna kilichosukumwa chini. Gesi ilipotolewa shinikizo lilishuka, mwamba ukajibana, mipasuko ikateleza. Tetemeko la 2012 lilikuwa 3.6 tu, lakini lilitokea kina cha kilomita 3 hivi, chini ya udongo laini, na nyumba zikapasuka. Udongo laini hukuza mtikisiko, na bonde la Msimbazi pale Jangwani limejaa udongo wa aina hiyo.

Ninachodai ni hiki: rekodi za mitikisiko ya kabla ya Desemba 2022 kuzunguka Rufiji ziwe wazi kwa kila mtu, na kina cha maji cha kila siku kichapishwe pembeni ya orodha ya mitikisiko, hata ile iliyo chini ya 2. Bila rekodi za kabla, hakuna wa kulitetea bwawa wala wa kulishtaki kwa haki.

Kupima umbali si uchawi. Kipimatetemeko hunasa wimbi la kwanza, kisha la pili lenye mwendo mdogo. Zidisha sekunde za tofauti kwa 8, upate kilomita. Bwawa liko karibu kilomita 200 kutoka Dar, kwa hiyo tarajia sekunde 24 au 25. Kituo kimoja kinatoa umbali, hakijui upande. Vitatu vinaonyesha mahali. Cha nne, kikiwa karibu na kitovu, ndicho kinachosema kina, na kina ndicho kitakachoonyesha kama mpasuko ulioteleza ni ule ambao maji ya bwawa yanaweza kuufikia.