Chujio likianza kukimbia, liogope

Mwaka jana mimi na mume wangu tuling'oa viti vya nyuma vya Hiace yetu kuukuu, tukatandika godoro, tukapakia jiko la gesi na ndoo mbili za kuchujia maji. Majirani hapa Mtwara walitucheka sana: nyumba mnayo, mnakwenda kulala kwenye kipanya?

Chujio lenyewe halina makuu. Unajaza ndoo ya juu, maji yanapenya kwenye udongo uliochomwa wenye umbo la mshumaa, yanadondokea ndoo ya chini yenye koki. La kwetu lilitoa kama lita mbili kwa saa. Nilikuwa nalitukana kwa uvivu wake, kumbe uvivu ndiyo kazi yenyewe: vitundu vya ule udongo ni vidogo mno, bakteria hawapiti.

Tulipita Nanyamba na Tandahimba kwenda Newala, na tulikutana na mashimo ya kutosha. Kule juu kwenye Uwanda wa Makonde maji ni taabu ya miaka mingi, ndiyo maana utakuta shimo la saruji uani linalopokea mvua ya batini. Bibi mmoja alitufunulia la kwake, akateka kwa kindoo cha kamba.

"Mvua ya kwanza siikingi, mwanangu," akaniambia. "Hiyo inaosha bati. Naiacha iende zake."

Tukamshukuru, tukajaza ndoo. Kabla ubwabwa haujaiva, ndoo ya chini imejaa! Mume wangu akasema chujio limeshazoea kazi. Tukanywa, tukasifu. Alfajiri tulikuwa tunapokezana kwenda choo cha bibi wa watu, kila mmoja na karatasi yake mkononi.

Kulipokucha nikaufungua ule mshumaa. Ufa mwembamba kama unywele, kuanzia shingoni hadi katikati. Mashimo ya njiani yalikuwa yameshaumaliza, na sisi tulikuwa tunapitisha maji ufani.

Kwa hiyo mtu akinisifia chujio kwa kasi yake, simsikilizi tena. Na hata likiwa zima, virusi ni vidogo kuliko bakteria, vinaweza kupenya. Maji nisiyojua yalikotoka nayachuja kwanza, kisha natia tembe ya klorini kwa kipimo cha kwenye pakiti na kusubiri nusu saa. Kuchuja kuanze, maana maji ya tope hula dawa bure. Kuchemsha ni kuzuri pia, yakitokota dakika moja yanatosha, ila nani anataka kunywa maji ya moto kwenye joto letu hili, na gesi yenyewe ni ya kuhesabu?

Chumvi ni habari nyingine. Visima vingi vya pwani, huku kwetu na Lindi, vina maji ya chumvi, na chujio la udongo haliigusi chumvi hata kidogo. Tukienda ufukweni tunabeba madumu mawili ya lita ishirini kutoka nyumbani.

Mshumaa mpya sasa unasafiri umeviringishwa kwenye kanga, chini ya mto wangu. Tukifika nauchovya majini, napuliza taratibu kwenye mrija wake. Vipovu vikibubujika mahali pamoja, hapo pana ufa. Visipobubujika, naupachika, naanza kuhesabu matone.