Msiongeze maji kwenye uji wa mtoto, tieni kimea

Naudhika kila nikisikia mama wa mtoto wa miezi 7 akiambiwa, "Uji ukiwa mzito, ongeza maji." Ushauri huo unamlaza mtoto na njaa huku tumbo limejaa. Mtoto wa kilo 8 hubeba kama mililita 240 kwa mlo mmoja, kikombe tu. Uji wa kunywa wenye gramu 5 za unga kwa kila gramu 100 unampa gramu 12 za unga, kama kilokalori 42. Ukipikwa kwa gramu 20, kikombe kilekile kina kama 168. Shida ni kwamba uji huo umeshakaribia kuwa ugali, na mtoto hawezi kuumeza.

Hapo ndipo kimea, yaani nafaka iliyochipushwa, ikakaushwa na kusagwa, kinapohitajika. Wanga ukipikwa huvimba na kushika maji, ndiyo maana uji huganda. Ulezi unaochipua hutengeneza kimeng'enya kiitwacho amilesi, ambacho hukatakata minyororo ya wanga. Uji unalegea na unga unabaki uleule. Mate nayo yana amilesi. Tazama bakuli alilobakiza mtoto: pale kijiko kilipokuwa kikirudi kutoka mdomoni, uji umegeuka majimaji.

Chambua ulezi (Kenya wanauita wimbi), osha, loweka usiku kucha, kisha chuja na uufunike kwa kitambaa safi chenye unyevu. Nyunyizia maji asubuhi na jioni kwa siku 2 hadi 3. Vichipukizi vikitoka, anika juani hadi punje zikauke kabisa, sugua mizizi itoke, pepeta, saga. Ukiona ukungu au ukisikia harufu ya uvundo, tupa wote. Usijaribu kuchagua punje nzuri. Na kwa mtoto msitumie kimea cha mtama, kwa sababu vichipukizi vyake vina kemikali inayotoa sayanidi.

Nakubali, kimea hakileti mafuta wala protini ya kutosha. Karanga za kusaga, dagaa, yai na maziwa ya mama bado vinahitajika. Lakini hata unga wa lishe wa nafaka nane, ukiuzidishia maji, unampa mtoto maji.

Kinachoniuma zaidi ni kimea kizuri kupotea jikoni kwa kosa moja: kukitia kwenye uji unaochemka. Kimeng'enya ni protini, na joto hilo linakiharibu kabla hakijakata chochote. Kisha mama anasema kimea hakifai, anarudi kwenye maji. Wapika togwa, kile kinywaji cha uji uliotiwa kimea, wanalijua hili tangu zamani. Husubiri uji upoe ndipo watie kimea. Nawe ipua sufuria, subiri uji uwe wa moto unaoweza kuuonja bila kuungua ulimi. Tia kijiko kimoja cha chai cha unga wa kimea kwa kila kikombe, koroga taratibu. Ndani ya dakika 10 uji uliokuwa umeng'ang'ania mwiko utaanza kutiririka, na utamu kidogo utatokea bila sukari.

Usimpe bado. Nafaka iliyokaa na unyevu siku 3 huzalisha vijidudu, kwa hiyo rudisha sufuria jikoni, uchemke tena dakika chache. Wengi hukwepa hatua hii wakihofia uji utarudi kuwa mzito. Haurudi, wanga umeshakatwa.