Nilivyolala na Friji

Naandika haya nimesimama, maana kukaa bado kuna masharti. Nitafika huko.

Mwenzangu alisafiri na watoto siku ile ile wimbi la joto lilipoingia, akaniachia maagizo matatu mlangoni. Mapazia yafungwe mchana, madirisha yafunguliwe usiku. Maji yanywewe kabla kiu haijafika. "Na friji, mume wangu, nakuomba. Chukua maji, funga mlango, basi."

Hilo la tatu lilinichoma. Mtu mzima, msomaji, unakatazwa friji kama mtoto wa chekechea! Mimi si mtu wa kushtukizwa na joto. Nilikuwa najua kwamba Juni 2021 kijiji cha Lytton kule Kanada kilifika nyuzijoto 49.6, na kesho yake moto ukakiteketeza karibu chote. Nilijua kwamba Julai 2022 Uingereza, nchi ya makoti na miavuli, ilipanda hadi 40.3. Nilijua kwamba 2024 ndio mwaka wa kwanza ambao wastani wa joto la dunia ulivuka nyuzijoto 1.5 juu ya ule wa kabla ya viwanda. Yote hayo nilikuwa nayo kichwani. Nilichokosa ni namna ya kukaa na joto nyumba moja.

Sisi tunakaa ghorofa ya mwisho, paa tunalisikia likilia juu ya dari. Juu yetu hakuna mtu wa kutukinga na jua, na chini yetu kuna zege tupu. Zege ni mkopaji wa ajabu: mchana kutwa linachukua joto kimyakimya, usiku ukitaka kulala ndipo linaanza kulirudisha, tena lote.

Siku ya kwanza, saa saba mchana, nilifungua madirisha yote ili joto litoke. Kipimajoto cha ukutani kilikuwa kinasoma 31. Baada ya nusu saa kikasoma 35. Bibi jirani, ambaye dirisha lake la jikoni linatazamana na letu, alikuwa amejifungia gizani kama mwali. Alifunua pazia kidogo, kiasi cha jicho moja.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Unamkaribisha nani?"

Nikafunga.

Siku ya pili nikahamia kwenye feni. Feni ilifanya kazi yake vizuri. Tatizo ni kwamba mimi sikuwa nimeielewa kazi yenyewe. Feni haipozi hewa hata kidogo. Inasukuma hewa ile ile iliyopo, na unachokisikia kama ubaridi ni jasho lako likikauka upesi. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri feni itumike joto likiwa chini ya nyuzijoto 40; zaidi ya hapo unajipulizia tanuri. Mimi nilikuwa kwenye 36 na ningeweza kutulia. Lakini nilikuwa sijalala usiku mbili, na joto halikunyimi usingizi tu, linakukopa na akili. Katika hali hiyo ndipo mtu anapopata mawazo makubwa.

Wazo la kwanza lilikuwa mashuka. Maji yakikauka hubeba joto. Lita moja tu ya jasho ikikauka yote juu ya ngozi, inaondoka na joto ambalo lingetosha kuchemsha karibu lita 7 za maji ya bomba. Nikajiambia, kama lita moja inafanya hivyo, je, mashuka manne? Nikayalowesha, nikayatundika jikoni, nikawasha feni yapigwe upepo. Kwa dakika ishirini za mwanzo, wallahi, nilikuwa fundi. Kipimajoto kilishuka nyuzi mbili. Nilimpigia mwenzangu simu kumweleza nadharia. Akasikiliza, akauliza, "Dirisha liko wazi?"

"Nimelifunga, ubaridi usitoroke."

Akanyamaza muda mrefu, halafu akasema watoto wanamwita.

Sasa naelewa alichokuwa anakiwaza. Ujanja wa shuka unafaa pale hewa ni kavu na ina pa kutokea. Ukiufungia ndani, hewa inashiba maji kama sifongo, na ikishashiba haipokei tena, si ya shuka wala ya jasho lako. Wataalamu wana kipimo chao cha balaa hilo: wanafunika kipimajoto kwa kitambaa chenye maji, na kikifika 35 basi, kwa hesabu zao, hata mtu mzima wa afya, aliyekaa kivulini bila kufanya lolote, mwili wake unashindwa kujipoza na saa zake zinahesabika. Kuna watu duniani wanaliogopa hilo likiletwa na mabadiliko ya tabianchi. Mimi nilikuwa nalitengeneza jikoni kwa mikono yangu.

Kufika saa nne usiku vioo vilikuwa vinatiririka. Kalenda ilijikunja ukutani kama jani la mgomba. Nikaitazama friji. Na friji, nahisi, ikanitazama.

Naomba msomaji asicheke kabla ya kusikia mantiki. Ndani ya friji ni nyuzijoto 4. Nje ni 35. Ukifungua mlango, ubaridi utatoka, vitapatana katikati, tuseme kwenye 20. Hesabu ya darasa la tatu. Na kama mlango mmoja ni mzuri, miwili ni bora, kwa hiyo nikafungua na wa friza. Nikaburuta godoro kutoka chumbani, nikalilaza mbele yake. Feni nikaiweka juu ya kigoda, waya umepita sakafuni. Mlango wa jikoni nikaufunga, na ile nafasi ya chini nikaishindilia taulo zito ili hata tone la ubaridi lisipotee. Nikajifunga shuka moja lililolowa kutoka kwapani hadi miguuni, nikalala uso ukiwa usawa wa droo ya mboga.

Ilikuwa raha. Siwezi kudanganya. Kwa robo saa hivi nililala kama mfalme, ukungu mweupe unanishukia usoni, taa ya friji inaniwakia kama mbalamwezi.

Kuhusu friji, kumbe, nimekuja kujua haya: haitengenezi baridi. Inachofanya ni kuhamisha joto. Inalitoa tumboni na kulimwaga mgongoni, kwenye yale mabomba meusi ya nyuma, na kwa kazi hiyo inakula umeme, ambao nao unageuka joto. Mlango ukiwa wazi inajikuta inajaribu kupoza chumba kizima kwa mbele huku inakipasha kwa nyuma. Kama mtu anayechota maji ya mtumbwi na kuyamwaga mule mule mtumbwini, tena anatokwa na jasho humo humo. Kompresa haikupumzika usiku kucha. Nilikuwa nimelala na jiko lenye taa.

Niliota niko baharini. Ndoto nzuri, mawimbi yananibembea, maji ya uvuguvugu yananipanda mgongoni, harufu ya samaki. Harufu ya samaki ndiyo iliyoniamsha.

Godoro lilikuwa limeshiba. Barafu yote ya friza, ile ambayo mwenzangu alikuwa ananiambia kila mwezi niiyeyushe, ilikuwa imejiyeyusha yenyewe ikashuka sakafuni. Kipimajoto kilisoma 38. Friji ilikuwa inanguruma kama lori mlimani. Nikasema nitoke nikatafute kitambaa.

Mlango haukufunguka.

Nilivuta. Nikavuta kwa mikono miwili. Lile taulo langu la akili lilikuwa limekunywa maji usiku kucha, likayanywesha mbao za mlango kwa chini, na mbao zikafura zikakumbatia fremu. Juu, mvuke wa mashuka ulikuwa umemalizia kazi. Simu iko chumbani kwenye chaji. Ufunguo wa nje uko chumbani. Hata suruali iko chumbani.

Nikafungua dirisha. Alfajiri ilikuwa inapambazuka, na nje, sitasahau, kulikuwa na kaupepo kabaridi. Kalikuwako saa zote hizo! Bibi jirani alikuwa ameketi kwenye dirisha lake lililo wazi, kitambaa chenye maji shingoni, anakunywa maji kwa utulivu wa mtu aliyelala.

"Bibi, shikamoo. Samahani kwa asubuhi hii. Nimefungiwa."

"Na nani?"

Hilo swali lilikuwa gumu kuliko lilivyokusudiwa. "Na mlango," nikasema.

Akanitazama, nywele zimelala, shuka limeniganda. "Maji yanayoshuka kwenye ngazi ni yako?"

Kumbe yalikuwa yameshavuka taulo, sebule na mlango wa nje, yameanza safari ya kwenda chini.

Bibi alikuwa na ufunguo wetu wa akiba. Aliachiwa na mwenzangu siku ya safari. Nilimuuliza baadaye kwa nini, akajibu, "Mkeo anakujua, mwanangu." Alikuja na mjukuu wake, kijana wa kama miaka kumi na saba, mabega ya mcheza mpira. Nikawasikia wakiingia, viatu vinapiga chapwa chapwa sebuleni.

"Waya wowote uko kwenye maji humo?" bibi aliuliza kwa nje.

Nikaangalia waya wa feni. Ulikuwa umelala dimbwini kama nyoka anayeoga. "Upo, lakini..."

"Panda juu ya kiti, usiguse kitu. Wewe, nenda kazime umeme wote."

Nikapanda kigoda cha feni, feni nimeikumbatia kama mtoto. Pakazimika. Friji ikakohoa, ikanyamaza. Katika ukimya ule nilisikia matone tu, na moyo wangu, na bibi akisema taratibu, "Haya, shuka. Vuta, naye atasukuma. Nikihesabu tatu."

Nawaambia ukweli, sijui nani alimfundisha kijana yule kuhesabu. Bibi alipofika mbili mlango ulilipuka. Mimi nilikuwa nimeshika kitasa kwa nguvu zangu zote, kwa hiyo nikaenda nacho, miguu ikapata yale maji, shuka likabaki hewani peke yake, na mimi nikarudi kinyumenyume moja kwa moja hadi ndani ya friji. Si karibu na friji. Ndani. Nilikaa kwenye rafu ya pili. Rafu ya pili ilikuwa ya kioo, ikakataa, nikashuka hadi ya tatu, palipokuwa na trei ya mayai.

Kijana aliona kitu cheupe kikiruka gizani na mtu aliye uchi nusu akimezwa na kabati. Akapiga ukelele, akageuka, akakimbia mpaka ngazini, akateleza kwenye maji yangu. Hakuumia. Ila nasikia amewasimulia wenzake, na katika simulizi yake mimi ni jini.

Bibi hakukimbia. Aliokota shuka, akanitupia usoni, akageukia ukuta kwa heshima. "Jisitiri, baba. Kisha utoke humo, unaharibu chakula."

Chakula. Hapo ndipo adhabu yangu ilipoanza, kwa sababu kumbe mambo ya usiku yalikuwa utangulizi tu.

Alinikalisha pembeni, maana yake nilisimama pembeni, akaanza kutoa kimoja kimoja. Akakibonyeza kwa kidole kama daktari. Maziwa, jalalani. Mabaki ya juzi, jalalani. Kile kilichokwisha kuwa vuguvugu, bila mjadala, jalalani. Lakini ndani ya friza mlikuwa na mapande makubwa ya nyama na samaki ambayo kwa nje yalilegea na moyoni yalikuwa bado na barafu. Hayo akayapanga mezani, safu mbili. Mwenzangu alikuwa amejaza akiba ya mwezi mzima.

"Haya hayasubiri," alisema. "Friji yako itachukua saa nyingi kupoa upya. Yapikwe sasa hivi, yakipoa nitayaweka kwangu."

"Yote?"

"Yote."

"Bibi, joto la leo linatangazwa 39."

"Nimesikia redio."

Basi nikawasha jiko. Mafiga yote manne. Katika siku ya joto kuliko zote za wimbi lile, kwenye jikoni ya chini ya paa, mimi niliyetaka kulala penye nyuzijoto 20 nilisimama mbele ya sufuria nne zinazochemka, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa saba mchana. Niliwahi kusoma kwamba mwaka 1902, mhandisi Willis Carrier alipobuni kiyoyozi cha kisasa, alikuwa anahangaikia karatasi za kiwanda cha uchapaji kule Brooklyn zilizokuwa zikivimba kwa unyevu, wala hakuwa anawaza watu. Nilimfikiria sana siku hiyo. Karatasi zilihurumiwa kabla yangu.

Bibi alikuwa ameketi mlangoni, palipo na upepo, feni yangu imekaushwa na kuelekezwa kwake. Kila robo saa ananipa glasi ya maji, anahakikisha naimaliza.

Saa tano simu ikalia. Mwenzangu.

"Umelalaje?"

"Nimelala."

"Na friji hujaigusa?"

Nilifikiria kwa makini. Kwa mkono, niliigusa kidogo tu. "Iko salama," nikasema.

"Mbona nasikia kitu kinakaangwa? Kwa joto hili?"

Kabla sijapata jibu, sauti ikatoka mlangoni, kubwa, ya mtu anayejua kabisa kwamba simu iko wazi:

"Mwanangu, geuza huyo samaki! Na mgongo wako bado una mayai!"