Gari Limekunywa Maji, Nalewa Mimi

Naomba iwekwe adhabu, hata ndogo, kwa yeyote atakayemuuliza mwenzake, "Kwani hukuyaona maji?" Leo nimeulizwa tena, na mtu ambaye gari hana, leseni hana, na alikuwa anatafuna wakati ananiuliza. Niliyaona, ndugu zangu. Maji yalikuwa yamejaa barabara nzima, yangejificha wapi? Lakini ng'ambo ya maji ndiko kuna nyumba yangu, nyuma yangu kuna foleni ya watu wanaopiga honi, na pembeni kuna kijana kasimama katikati ya maji, yamemfika magotini, ananipungia mkono kwa ukarimu wote: "Pita bosi, pita tu, chini lami!" Na chini kulikuwa na lami kweli. Na lami sina ugomvi.

Tena ningepita. Hili naomba liandikwe mahali. Nilikuwa gia namba moja, mguu mwepesi, injini inanguruma kwa adabu, zaidi ya nusu ya maji nimeshayamaliza. Ndipo likaja lile gari refu kutoka mbele, la mtu anayeendesha akiwa ghorofani, likapita ubavuni kwangu bila hata salamu likasukuma wimbi. Wimbi likapanda boneti, likaangaza huku na huku, likaona mdomo wa kuvutia hewa, likaingia zake ndani. Injini ikakohoa mara moja ikanyamaza. Mwenye gari refu hakugeuka. Alichoniachia ni taa zake za nyuma, ambazo nakiri zilikuwa nzuri.

Na huo mdomo wa hewa kwenye gari langu umekaa mbele kabisa, nyuma ya taa, chini kidogo. Nimemfikiria sana mhandisi aliyeuweka pale. Ana shahada, ana kompyuta, na bila shaka anaishi mahali pakavu.

Vijana wa kusukuma walifika kabla sijateremsha kioo. Sijui huwa wanakaa wapi. Bei yao ilikuwa inapanda pamoja na maji, na tukiwa bado tunapatana, mmoja wao mwenye kofia akatangaza kwamba magari anayajua, akanisogeza, akakalia kiti changu na suruali yake inayochuruzika, akapiga stata. Injini ikasema "tok". Akapiga tena. "Tok." Umati ukashangilia: "Inataka kuwaka hiyo! Ongeza!" Umati haujawahi kununua injini, ndiyo maana una moyo mkubwa namna ile.

Basi, gari likavutwa mpaka gereji.

Fundi wangu hakuuliza gari lina nini. Alilizunguka mikono nyuma, akautazama mstari wa tope uliobaki mlangoni, akaupima kwa kiganja kutoka chini, akatikisa kichwa.

"Bosi, nikwambie ukweli au nikufariji kwanza?"

"Nifariji."

"Pole."

Kisha akafungua boneti. Akatoa ea klina, lile chujio la hewa, akaikunja mkononi ikamwaga maji, na chini kwenye boksi lake kulikuwa na tope laini na mende mmoja, marehemu. Akanionyesha yule mende kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Lilizima lenyewe au ulilizima?"

"Lilizima lenyewe."

"Baada ya hapo stata ilipigwa?"

"Ilipigwa."

"Na nani?"

"Na mtu mwenye kofia."

"Mara ngapi?"

"Mara za kutosha."

Akaiweka spana chini, akakaa kimya. Kimya cha fundi huwa kina bei yake, na nilianza kuisikia ikihesabiwa. Akamwita msaidizi wake: "Kijana, njoo usikie hii." Nikajua leo mimi ni somo. Wateja wengine wawili wakasogea pia, maana elimu ya bure haikataliwi, hasa ikiwa mgonjwa ni wa mtu mwingine.

"Hewa ni mpole," fundi akaanza. "Ukiiminya inakubali. Injini ya petroli inachukua hewa ya sehemu kumi inaiminya ibaki moja, na hewa hailalamiki. Dizeli ndiyo usiseme, 16, 18, mpaka 20. Sasa maji hayaminyiki. Pistoni inapanda, inayakuta yamekaa. Valvu zimefungwa, plagi imeziba juu, pa kutokea hakuna. Nani anapinda hapo?"

"Konrodi," akajibu kijana, yaani ule mkono wa chuma unaoiunganisha pistoni na krenki, mhimili unaozunguka chini ya injini.

"Konrodi," wakarudia wale wateja, mmoja akiwa amefumba macho.

Mimi nikauliza, kwa sauti ya mtu mzima, ni maji kiasi gani kwani yaliyoingia. Nilikuwa nimejiandaa kusikia habari za madumu. Fundi akaninyooshea vidole vinne. "Injini yako ni ya lita mbili, silinda nne. Kila silinda sentimita za ujazo 500. Pistoni ikifika juu kabisa, nafasi inayobaki ni 55 hivi. Hiyo ni vijiko vinne vya mezani, na havijai. Yakizidi hapo, imekwisha."

Vijiko vinne! Chuma kisichobebeka na wanaume watatu, kimeangushwa na maji ambayo yakikumwagikia kwenye nguo hata hubadilishi. Yule mhandisi wa mdomo wa hewa nikamkumbuka tena, nikamtakia mvua.

Fundi akafungua plagi zote nne, akazipanga kwenye kitambaa, akamwambia kijana apige stata. Mimi hakuniambia nisogee. Maji yakaruka kutoka kwenye matundu, meusi, yananuka petroli, yakanikuta kifuani, na shati lilikuwa la kazini. "Hiki," akasema, "ndicho kilichotakiwa kufanyika kwanza. Gari likizimia majini, stata huigusi. Unalisukuma nje, unafungua plagi, unayatoa maji, unamwaga oili." Neno "kwanza" alilisema akinitazama mimi, wakati mwenye kofia alikuwa huko aliko, anakula hela yangu.

Akachomoa kijiti cha oili. Oili ilikuwa imegeuka chai ya maziwa, tena na povu. Mmoja wa wale wateja akasema "lahaula" akarudi kwenye gari lake kuhakikisha la kwake liko salama.

Halafu ikaja ile shughuli ya waya. Fundi akachukua waya wa chuma ulionyooka, akaudumbukiza kwenye tundu la plagi namba moja, akazungusha krenki kwa mkono polepole mpaka pistoni ikafika juu kabisa, akabana kucha kwenye waya pale ulipolingana na ukingo wa tundu. Akakwaruza alama. Namba mbili, alama ileile. Namba tatu, akasita. Akaupangusa waya kwenye suruali, akarudia. Akamwita kijana. Kijana akainama, akatazama, akaniinulia macho ya huruma ambayo mtu wa umri wake hapaswi kuwa nayo. Waya ulikuwa umezama zaidi, si sana, unene wa ukucha tu.

"Namba tatu kawa mfupi," fundi akatangaza.

"Mfupi ndiyo nini?"

"Konrodi imepinda. Ikipinda inafupika. Ikifupika, pistoni haifiki juu."

"Si inyooshwe?"

Gereji nzima ikacheka. Yule aliyekuwa chini ya gari la tatu, ambaye hata sijawahi kumwona uso, naye akacheka huko huko chini.

"Bosi, konrodi hainyooshwi."

"Lakini ni unene wa ukucha, fundi. Ukucha! Mbona mimi mwenyewe mguu mmoja mfupi na natembea?"

"Wewe huzunguki mara 1,000 kwa dakika. Hapo ni sailensa tu, hujakanyaga mafuta, gari limesimama. Na hizo 1,000, nusu yake ni za kuminya. Nikikufungia hivi hivi litawaka, utalipanda, utanisifia. Siku umesahau, uko mwendo mzuri, konrodi inakatika, inatoboa bloku, inatoka nje kukusalimia."

Nikamwambia basi aseme yote. Akasema. Injini ishuke, ifunguliwe yote, konrodi, beringi, ringi, gasketi, krenki ipelekwe ikapimwe, oili imwagwe, iwekwe nyingine ya kusafishia, nayo imwagwe, ndipo iwekwe ya kutembelea, na gia boksi nayo itazamwe maana ina kitundu cha kupumulia na maji huwa hayana adabu. Akataja bei. Nadhani ile ya kwanza ilikuwa salamu, kwa sababu aliponiona nimesimama bado, akaendelea. Njia nyingine, akasema, ni injini nzima ya mtumba, ambayo garantii yake inaishia getini.

Hapo heshima ikanitoka, siwafichi. Nilisema mambo. Nilisema kuhusu ule mtaro uliochimbwa, ukafukiwa, ukachimbwa tena, ukaachwa wazi, ukajaa magodoro. Ndiyo, magodoro! Mtu ananyanyua godoro kutoka nyumbani kwake, analibeba, anapita nalo mbele za watu, analitia mtaroni, halafu mvua ikinyesha anatoa kiti nje anatazama magari yetu yakiogelea. Nilisema kuhusu paa langu linalovuja maji yaleyale, ada za shule zisizongoja maji yapungue, na mshahara, ambao kuhusu huo sina hata haja ya kuwaeleza. Nikamsema na yule mende. Fundi alinisubiri nimalize, akauliza: "Kwa hiyo tushushe?"

Tushushe.

Mtu wa bima alikuwa mpole sana kwenye simu, akataka kujua kitu kimoja tu: maji yalilifuata gari lilikoegeshwa, au gari ndilo lililoyafuata maji?

Mama watoto hajasema kitu. Hilo nalo naliweka kwenye gharama.

Kazini kuna mwenzetu mwenye simu yenye habari za kila kitu. Amenisomea kwa sauti, mbele ya wageni, kwamba maji ya sentimita 30 yanatosha kulifanya gari dogo lielee, na ya sentimita 60 yanaweza kulibeba hata lile refu. Nimemshukuru. Sasa najua kwamba lile gari refu nalo lilikuwa kwenye hesabu, zikipatikana sentimita kadhaa za ziada, na kwa mara ya kwanza nimeona maana ya mvua kubwa.

Na msidhani mambo yameishia kwenye injini. Zulia la gari lilianikwa, likapigwa jua, likapuliziwa manukato, na sasa linanuka kisima chenye manukato. Kioo cha dereva kinashuka kikitaka, kinapanda kikibembelezwa. King'ora nacho, tangu betri ifungwe tena, kinalia chenyewe usiku wa manane hapo gereji, mlinzi ananipigia simu, namwambia achomoe waya wa betri, ananiuliza upi, namwambia wowote, anasema anaogopa shoti. Tunazungumza hivyo saa nane za usiku, wanaume wawili wazima, mpaka king'ora kinachoka.

Kwa sasa nakwenda kazini na jirani. Jirani ni mtu mwema na nisingependa asome hapa. Ila tangu aone yaliyonipata, hapiti kwenye dimbwi lolote bila kulipima. Amekata fimbo ameichora alama, na anayeteremka na fimbo si yeye, kwa sababu yeye ni dereva. Dimbwi la kufunika kidole gumba, nateremka. Alama ya kwanza, anapita. Alama ya pili, anazima gari tunakaa tunalitazama dimbwi. Likitokea gari kutoka mbele ananipigia kelele nilisimamishe, nami nasimama barabarani na fimbo yangu, suruali nimeikunja, nasimamisha malori.

Mafuta tunachangia nusu kwa nusu. Ningetegemea basi na kiti tukichangie, lakini kiti cha mbele ni cha mama mkwe wake, nyuma kuna watoto na mabegi yao, na mimi natoshea ubavuni, goti moja likiwa juu ya mlango. Mama mkwe kanisikiliza kisa chote tangu mwanzo, wimbi, kofia, vijiko, waya na ukucha. Akafikiri sana. Akauliza gari ni la mwaka gani. Akafikiri tena, akafungua mkoba, akafunga, halafu akamwambia mkwewe, bila hata kunigeukia, kwamba huyo fundi ni mwizi na tatizo ni plagi.