Sekunde 40 za mwanafunzi, na madam anayeambiwa anachezea simu

Ukitaja ualimu na mtandao sehemu moja watu wanagawanyika hapohapo. Kuna wanaosema mwalimu asiyejua Google Classroom na Kahoot, yaani darasa la mtandaoni na michezo ya maswali, zama hizi kapitwa, apishe wengine. Na kuna wanaosema hizo ni mbwembwe, mbona sisi tulisoma kwa chaki na ubao na tukaelewa. Mimi kauli zote mbili nilizisikia kwenye ofisi moja ya walimu, siku moja, zikimlenga mwalimu yuleyule, ndo maana nimekaa kuandika.

Huyu madam anafundisha Kiingereza kidato cha kwanza, shule ya kutwa huko Mbagala, ana mikondo miwili na kila mkondo una watoto kama 60. Yuko kazini miaka mingi, simu janja anayo kama sisi wengine, ila ilikuwa ya mambo ya kikoba na michango ya harusi. Mwaka jana akaanza kujifunza kuitumia kufundishia. Vijana wa ajira mpya wanamcheka eti yuko nyuma, anajua WhatsApp tu. Wakubwa wenzie wanasema anachezea simu kazini.

Sasa tupige hesabu kidogo. Kipindi ni dakika 40, yaani sekunde 2,400. Gawa kwa watoto 60, kila mmoja anapata sekunde 40 za kuongea, na hapo ni kama mwalimu hajafungua mdomo kabisa, hajaita mahudhurio wala hajafuta ubao alioachiwa na mwalimu wa hesabu. Kiuhalisia mwalimu anaongea nusu ya kipindi au zaidi, kwa hiyo tunabaki na sekunde 20, na hizo 20 zenyewe zinaliwa na wale watano wa mbele waliotoka English medium ambao mkono uko juu kabla swali halijaisha. Yule wa nyuma karibu na dirisha anaweza kumaliza muhula mzima hajatoa sentensi moja ya Kiingereza akiwa peke yake, yeye kazi yake ni kuitikia na wenzie "Yes madam". Na huyo ni mtoto aliyesoma shule ya msingi miaka saba kwa Kiswahili, Januari anafika sekondari anakuta baiolojia kwa Kiingereza, jiografia hivyohivyo. Mimi hii namba hainitoki kichwani. Tunalalamika watoto hawajui kuongea, kwani wanaongea saa ngapi? Chaki haiwezi kurefusha hizo sekunde, na fimbo ndo inazifupisha kabisa.

Voisi ya WhatsApp inaweza. Alichofanya madam ni kitu kidogo sana: Ijumaa anatoa swali moja, mfano eleza chakula mlichopika jana, jioni mtoto anaomba simu ya mzazi anarekodi dakika moja anaituma. Mwanzo zilikuwa zinaingia kwenye grupu, mtoto mmoja akataka kusema amepika kuku akasema "I cooked the kitchen", wenzie wakamwita Kitchen wiki nzima. Tangu siku hiyo ni inbox kwake tu, na grupu limebaki la matangazo.

Ila utamu hauko hata kwenye ile dakika moja. Mzazi mmoja alimwambia madam kuwa mwanawe anajifungia chumbani anarekodi, anajisikiliza, anafuta, anaanza upya, siku moja alihesabu mara tisa. Mara tisa! Darasani ukikosea umekosea mbele ya watu 59, huwezi kufuta. Mtoto ambaye kwenye kipindi alikuwa na sekunde zake 20 za kinadharia, anajikuta ameongea dakika tisa kwa hiari yake ili atume moja, na hakuna aliyemsimamia.

Wanaopinga nao wasidharauliwe, wana hoja. Simu ni ya baba, baba anarudi saa tatu usiku amechoka na chaji imebaki asilimia nne. Watoto kumi na kitu kwao hakuna simu janja kabisa, na shuleni wanafunzi hawaruhusiwi kuja na simu, kwa hiyo hao anawarekodi yeye kwa simu yake, mapumziko, pale mlangoni mwa ofisi, ndo hapo wenzie wanapoona anachezea. Bando lake, muda wake. Sauti 120 za dakika moja ni saa mbili kamili za kusikiliza, na hizo hazipo kwenye ratiba ya mtu. Anasikilizia kwenye daladala ya Rangi Tatu, iafoni sikio moja, daftari pajani. Kitufe cha kuharakisha sauti WhatsApp walikileta 2021 lakini kwake hakimsaidii, ukiharakisha huwezi kujua mtoto kasema "think" au "sink". Mwaka huu kaamua wiki hii mkondo huu, wiki ijayo ule. Afu kuna hoja nyingine nzito kuliko zote, mtihani wa kidato cha nne ni wa kuandika, kuongea hakupimwi, kwa hiyo kazi yote hii haimpi mtoto hata alama moja ya moja kwa moja. Ni kweli. Ila huyo mtoto asiyeweza kuunga sentensi mdomoni ataiungaje kwenye karatasi ya baiolojia?

Nisiowaelewa ni wale vijana wa "WhatsApp siyo teknolojia". Wanadhani hajajaribu hizo nyingine. Alijaribu Google Forms, fomu ya maswali ya mtandaoni inayojisahihisha yenyewe, zoezi la maneno ya wakati uliopita, jibu sahihi akaweka "went". Karibu watoto wote wakaandika "Went", maana kibodi ya simu inaanza na herufi kubwa yenyewe, na ile fomu inataka jibu lifanane herufi kwa herufi. Sifuri karibu darasa zima, watoto wamepata na wameambiwa wamekosa. Kwa mwalimu wa hesabu 12 ni 12, lugha haiko hivyo. Mwenzie wa Kiswahili naye aliweka swali la kukanusha "nimekula", jibu lake "sijala", waliosema "sijakula" wote wakapigwa chini, na ule ubishi ulivyoanza ofisini ni bora wangemuuliza mtu.

Kahoot nayo ni nzuri, ina shangwe, lakini inataka skrini mbele na kifaa kwa kila mtoto au kila kikundi, na inatoa pointi nyingi kwa anayejibu haraka. Haraka na Kiingereza cha kidato cha kwanza wapi na wapi? Quizlet ndo ameipenda, kadi za msamiati, na si ajabu, ilianzishwa 2005 na kijana wa miaka 15 huko Marekani aliyekuwa anahangaika kukariri maneno ya Kifaransa, yaani aliyeitengeneza alikuwa na shida ileile ya hawa watoto. Anatengeneza seti nyumbani, anaandika maneno ubaoni, basi. Kwa hiyo kajaribu tatu, kaacha mbili, kabaki na anachoweza kukibeba na watoto 120. Huyo mnamwita yuko nyuma? Semina ya siku moja inayomwonyesha mwalimu zana kumi na mbili kwa projekta wala haimuulizi ana wanafunzi wangapi, hiyo kwangu ndo mbwembwe.

Juzi nilipanda naye daladala akanipa iafoni moja. Ni yule wa dirishani. Anaeleza walivyosonga ugali, jogoo anawika nyuma, mara mama yake anauliza kwa sauti "we unaongea na nani huko?" Mtoto hajakata rekodi, akajibu tu, "I am speak with my teacher, mama." Madam akaandika "am speaking" kwenye daftari, akabonyeza inayofuata.